Intaneti ilikata, nikazima ukuta wa moto. Je, niuache hivyo?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina kompyuta ya mezani ya Windows 11 iliyounganishwa kwa kebo na ruta ya nyumbani. Siku moja intaneti ilikata. Nilipotazama anwani ya IP nikakuta inaanza na 169.254. Rafiki yangu akaniambia nizime ukuta wa moto (firewall). Nikauzima, nikasubiri kidogo, intaneti ikarudi. Na printa ya Wi-Fi, ambayo siku zote kompyuta ilikuwa haiioni, nayo ikajitokeza. Tangu hapo sijauwasha tena kwa kuogopa kuharibu kilichokwisha kutengemaa. Rafiki yangu anasema ruta ina ukuta wake, kwa hiyo huu wa kompyuta ni wa ziada tu. Ni kweli? Na nikiuwasha, printa nitaipataje?

Jibu: Ndugu yangu, si kweli, na nakuomba uuwashe kwanza ndipo uendelee kusoma. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows andika firewall.cpl, bonyeza Enter, kisha upande wa kushoto chagua sehemu ya kuwasha na kuzima. Utaona aina mbili za mitandao, mtandao binafsi na mtandao wa umma. Washa kote kuwili. Intaneti haitakatika kwa sababu hiyo. Printa huenda ikapotea tena kwa muda, lakini tutairudisha bila kubomoa ukuta mzima.

Tuanze na ile namba ya 169.254, maana ndiyo shahidi wetu mkuu. Kompyuta ikichomekwa kwenye mtandao kwa kawaida huwa haina anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha humo. Hupaza sauti kwa kila kilicho kwenye mtandao huo kuomba ipewe. Ruta huitikia na kuikodisha anwani kwa muda maalumu, ikiambatanisha mambo mengine mawili: anwani ya ruta yenyewe, ambayo ndiyo njia ya kutokea kwenda nje, na anwani ya seva ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Utaratibu huu huitwa DHCP. Kompyuta isipoitikiwa, Windows hujipangia yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Anwani za kundi hilo hazipitishwi na ruta yoyote. Zinafaa tu kati ya vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja. Kwa hiyo ulichokiona siku ile kilikuwa na maana moja: kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa.

Ukuta wa moto wa Windows hauna mkono hapo. Unakuja ukiwa tayari na kanuni zinazoruhusu DHCP, na msimamo wake wa kawaida ni kuruhusu kila kinachotoka na kuzuia kinachoingia bila kuombwa. Ukifungua tovuti, ombi limetoka kwako, ukuta unaliweka kumbukumbuni, na jibu likirudi linapita bila shida. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia kompyuta miaka na miaka ukuta ukiwa umewashwa asihisi hata kama upo.

Basi kwa nini intaneti ilirudi? Windows ikishajipa anwani ya 169.254 haikati tamaa. Huendelea kuomba kila baada ya dakika 5. Wewe ulizima ukuta, ukasubiri kidogo, katika muda huo ruta au kebo ikawa imekaa sawa, na ombi lililofuata likajibiwa. Mambo mawili yalifuatana, la kwanza likapewa sifa ya kuleta la pili. Naliona kosa hili mara nyingi mno, na linaniuma, kwa sababu watu hubaki bila kinga kwa muda mrefu wakiamini kwamba wametengeneza kitu.

Ipo hali moja ambapo ukuta kweli unaweza kukata intaneti. Kuna programu za kupambana na virusi zinazokuja na ukuta wao wenyewe, na zile za nje ya Windows huweza kuzuia hata kinachotoka. Mbaya zaidi ni pale programu ya namna hiyo inapoondolewa nusunusu, ikaacha mabaki yanayoendelea kuchuja pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni. Kama uliwahi kuweka programu kama hiyo, chagua ukuta mmoja tu. Kwa nyumbani mimi huchagua ule wa Windows, na ile nyingine huiondoa kwa kifaa cha kufutia kinachotolewa na watengenezaji wake.

Siku intaneti ikikata tena, usiguse ukuta. Tafuta hitilafu kuanzia karibu kwenda mbali. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia ili ufungue dirisha la amri, kisha andika ipconfig. Ukiona 169.254, tatizo liko kati yako na ruta: tazama kama taa ya kwenye tundu la kebo inawaka, sukuma kebo mpaka uisikie ikiingia, jaribu kebo nyingine, jaribu tundu jingine la ruta, halafu andika ipconfig /renew ili kompyuta iombe anwani papo hapo badala ya kungoja. Usipofanikiwa, zima ruta, subiri nusu dakika, iwashe.

Ukiona anwani ya kawaida, mara nyingi inayoanza na 192.168 au 10, basi DHCP imefanya kazi yake, songa mbele. Matokeo yaleyale ya ipconfig, kwenye sehemu ya Ethernet (muunganisho wa kebo), yana mstari wa Default Gateway unaotaja anwani ya ruta, tuseme 192.168.1.1. Andika ping 192.168.1.1, amri inayokiita kifaa hicho ili kuona kama kitaitika. Ikijibu, kebo na ruta ni nzima. Fuatisha ping 1.1.1.1, ambayo ni seva ya DNS ya umma iliyoko nje kabisa ya nyumba yako. Ruta ikijibu na hii isijibu, kasoro iko kwenye laini ya mtoa huduma au kwenye kifaa chake, na ukimpigia simu mweleze hivyohivyo. Utaokoa muda wa kuambiwa uzime na kuwasha kompyuta. Zote mbili zikijibu lakini tovuti hazifunguki, kilichokwama ni kutafuta majina. Thibitisha kwa kuandika nslookup ikifuatiwa na jina la tovuti unayoijua. Jina lisipopatikana, badilisha seva ya DNS kwenye mipangilio ya ruta au ya kompyuta, 1.1.1.1, 8.8.8.8 na 9.9.9.9 zote ni za umma na hazilipiwi.

Tahadhari hapa: baadhi ya ruta zimepangwa zisijibu ping, kwa hiyo kimya cha ruta peke yake hakitoshi kuihukumu. Ikiwa ruta iko kimya lakini 1.1.1.1 inajibu, ruta ni nzima.

Sasa hoja ya rafiki yako. Ina ukweli ndani yake, na haifai kuipuuza. Anwani uliyopewa na ruta ni ya ndani. Makundi matatu, yaani yanayoanza na 10, yanayoanzia 172.16 hadi 172.31, na yale ya 192.168, yameainishwa katika waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996 kuwa ya mitandao ya ndani tu, wala hayapitishwi kwenye intaneti. Ruta huvificha vifaa vyako vyote nyuma ya anwani moja ya nje na kuweka orodha ya nani ameomba nini. Kazi hiyo huitwa NAT. Pakiti ikija kutoka nje bila kuwamo kwenye orodha, ruta haijui impe nani, huitupa. Kwa hiyo mgeni wa mbali anayegonga ovyo hatafika kwenye kompyuta yako moja kwa moja.

Lakini ruta inalinda mpaka kati ya nyumba yako na nje. Vifaa vya ndani vinavyozungumza vyenyewe kwa vyenyewe, kwa kawaida haviingilii. Hesabu vilivyomo: simu za watu wote wa nyumbani, televisheni, labda kamera, laptopu ya mgeni aliyeomba nywila ya Wi-Fi. Ruta ni geti la ua. Ukuta wa kompyuta ni mlango wa chumba chako, na aliyekwisha kuingia uani hazuiwi tena na geti.

Mfano wake ulitokea mbele ya macho ya dunia nzima. Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilifunga kwa usimbaji mafaili ya watu na taasisi katika nchi nyingi, zikiwemo hospitali za Uingereza, ikidai fidia. Ilisambaa kwa kutumia udhaifu katika SMB, huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, inayosikiliza kwenye mlango (port) namba 445, yaani namba ambayo programu hupokelea mawasiliano ya mtandao. Kompyuta moja ikiambukizwa, iligonga mlango huo kwa kila jirani kwenye mtandao, na jirani akaambukizwa bila mtu yeyote kubofya kitu. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi mwaka huohuo, lakini wengi hawakuwa wamesasisha. Kompyuta ambayo ukuta wake ulikuwa umeufunga mlango 445 haikufikiwa kwa njia hiyo hata kama haikuwa imesasishwa. Na haikuwa mara ya kwanza: Agosti 2003 Blaster ilipitia mlango 135, na mwaka uliofuata Sasser ikapitia huohuo 445. Windows XP ya wakati ule ilikuwa na ukuta ndani yake, ila ulikuwa umezimwa. Agosti 2004, kwa kifurushi cha masasisho cha SP2, Microsoft iliamua uwe umewashwa tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, ulichofanya wewe kwa mkono ndicho kilichokuwa hali ya kawaida kabla ya 2004, na tuliona kilivyoishia.

Kuna mianya mingine miwili ambayo kauli ya kwamba ruta inatosha haiihesabu. Wa kwanza ni UPnP, utaratibu unaoruhusu programu au kifaa chochote cha ndani kuiambia ruta ifungue mlango kutoka nje, bila wewe kuulizwa. Michezo ya mtandaoni na kamera huupenda. Ingia kwenye ruta uuzime, kisha uone kama kuna kinachoharibika. Nyumba nyingi hazitahisi tofauti yoyote. Wa pili ni IPv6, mfumo mpya wa anwani za IP unaotumika sambamba na ule wa zamani, IPv4, wenye anwani fupi kama 192.168.1.1. Anwani za IPv6 zina biti 128, ni nyingi kiasi kwamba hakuna haja ya kugawana moja, na kila kompyuta inaweza kupata yake inayofikika kutoka popote duniani. Hapo NAT haipo tena. Kinga ni ukuta halisi wa ruta, ikiwa upo na umewashwa, na ukuta wa kompyuta yenyewe. Ukitaka kujua hali yako, tazama kwenye ipconfig kama kuna anwani ndefu yenye nukta pacha inayoanza na 2 au 3. Ile inayoanza na fe80 ni ya ndani tu, isikusumbue.

Tuje kwenye printa, maana hapo ukuta kweli ulihusika. Windows 11 kwa kawaida huuchukulia mtandao mpya kuwa wa umma mpaka uiambie vinginevyo. Kwenye mtandao wa umma kompyuta hujificha: haitangazi jina lake, haisikilizi matangazo ya vifaa vingine, na matangazo ya printa huishia ukutani. Ulipouzima ukuta, matangazo yakapita. Dawa yake ni kuiambia Windows ukweli kwamba hapo ni nyumbani. Fungua Mipangilio, nenda kwenye mtandao na intaneti, bofya Ethernet, na pale kwenye aina ya mtandao ubadilishe kutoka wa umma kuwa binafsi. Kisha rudi kwenye mipangilio ya kina ya mtandao, fungua sehemu ya kushirikiana, na chini ya mitandao binafsi uwashe ugunduzi wa mtandao. Kushirikiana mafaili na printa kuache kumezimwa, isipokuwa kama kweli kuna kompyuta nyingine inayochukua mafaili kutoka kwenye hii. Printa inayotumia Wi-Fi yake yenyewe haihitaji hilo.

Fanya hivyo kwa mtandao wa nyumbani kwako tu. Kwenye laptopu, mtandao wa hotelini, wa uwanja wa ndege au wa maktaba ubaki wa umma daima, kwa sababu hapo majirani zako ni watu usiowajua kabisa na ruta si yako.

Printa ikiendelea kupotea kila baada ya muda, chunguza anwani yake. Nayo hukodishiwa na ruta, na ikibadilishiwa, kompyuta hubaki ikiitafuta mahali pa zamani. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP inayokuwezesha kuitengea printa anwani moja ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe), halafu kwenye kompyuta uongeze printa kwa kuandika anwani hiyo badala ya kuitafuta kwa jina. Mimi huanza na njia hii kwa kila printa ya nyumbani. Ikishapangwa hivi, hata ugunduzi wa mtandao unaweza kuuzima na bado ikachapa, kwa sababu kuchapa ni safari inayoanzia kwako.

Sasa lile dirisha linalochomoza na kuuliza kama uiruhusu programu fulani ipite kwenye ukuta. Wengi hubofya ruhusu bila kusoma. Wengine hufunga dirisha kwa hofu. Swali linalokuja pale ni hili: je, programu hii iruhusiwe kupokea wageni wasioalikwa? Haliulizi kama iruhusiwe kutumia intaneti. Kivinjari, barua pepe, programu ya kuandikia, hizi hazihitaji ruhusa hiyo ili zifanye kazi zake za kila siku. Mchezo unaofunguliwa nyumbani ili wengine wajiunge nao, au programu ya kurushia mafaili kutoka kwenye simu, hizo huihitaji. Ukiruhusu, weka tiki kwenye mtandao binafsi peke yake.

Jambo ambalo hata mafundi wengine hulisahau: ukibofya kughairi, Windows huandika kanuni ya kuzuia programu ile, na kanuni ya kuzuia hushinda ya kuruhusu. Matokeo yake, siku ukija kuiruhusu kwa mkono, bado inakataa, mtu anachanganyikiwa na kuishia kuzima ukuta wote. Andika wf.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua orodha ya kanuni zinazoingia, tafuta jina la programu hiyo, na ufute kanuni yake yenye alama nyekundu ya kuzuia. Ukiwa humo, pitia pia kanuni za kuruhusu zilizoachwa na programu ulizokwisha kuziondoa. Zile zilizokuja na Windows yenyewe usizifute.

Kisichofaa kufunguliwa kutoka nje kwa hali yoyote ni mlango 445 niliokwisha kuutaja na 3389, ule wa kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Watu hufungua 3389 kwenye ruta ili wafikie kompyuta ya nyumbani wakiwa safarini, na programu za kubahatisha nywila huanza kuugonga upesi, kwa sababu kuna mashine zinazozunguka anwani zote za IPv4 zikitafuta milango ya namna hiyo. Ukihitaji kufikia nyumbani kutoka mbali, weka VPN (njia ya siri iliyosimbwa ya kuingia kwenye mtandao wako) kwenye ruta, uingie kwa hiyo kwanza.

Ruta yenyewe inataka uangalizi mfupi. Badilisha nywila ya kuingilia mipangilio yake, ambayo ni tofauti na ile ya Wi-Fi. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Sasisha programu ya ruta. Aina ya ulinzi wa Wi-Fi iwe WPA3, au WPA2 ikiwa vifaa vyako ni vya zamani. Zima WPS, njia ya mkato ya kuunganisha vifaa kwenye Wi-Fi, kwa kuwa PIN yake ya tarakimu 8 huhakikiwa kwa vipande viwili na hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza, kasoro iliyowekwa wazi mwaka 2011. Wageni na vifaa kama televisheni vipe mtandao wa wageni, ikiwa ruta inao.

Ujue pia mpaka wa kinga hii. Ukipakua programu yenye hila na kuifungua mwenyewe, ukuta utaiona kama kitu kinachotoka ndani na kuiachia ipite. Hiyo ni kazi ya masasisho, ya programu ya kuzuia virusi, na ya kutotumia akaunti ya msimamizi kwa shughuli za kila siku. Ukuta unazuia kinachokuja bila kuitwa, na kwa kazi hiyo hauna mbadala.

Ukishamaliza yote haya, fungua tena dirisha la amri uandike netstat -ano. Mistari yenye neno LISTENING ni milango ambayo programu zako zinasikilizia. Penye 127.0.0.1 panafikika na kompyuta yenyewe tu, kwa hiyo usipahangaikie. Penye 0.0.0.0 programu inasikiliza pande zote, na ukuta ndio unaoamua nani afike. Utashangaa kuona 135 na 445 zimo. Ni kawaida kwenye Windows, na ndizo zilizokuwa wazi kwa kila kifaa cha nyumbani muda wote ukuta ulipokuwa umezimwa. Safu ya mwisho ina namba ya programu inayohusika, na namba hiyo unaweza kuitafuta katika Kidhibiti Kazi, kwenye ukurasa wa maelezo, ukaona jina lake. Ukikuta jina usilolijua, nitumie mstari huo kama ulivyo. Matokeo ya ipconfig ukiyatuma, futa kwanza zile anwani ndefu zinazoanza na 2 au 3.